Tumbo laini

Daktari wa zamu alimbonyeza Mamdogo tumbo kwa mara ya pili, taratibu, vidole vinne vimenyooka, macho yake yakiwa usoni kwa mgonjwa na si kwenye tumbo.

“Hapa panauma, mama?”

“Panauma pote, mwanangu. Pote.”

Akahamia upande wa kulia. Akashuka chini ya kitovu, akabonyeza kwa kina kisha akaachia ghafla. Tumbo lilikuwa laini. Halikukaza wala halikuvimba, na mkono wa daktari haukukuta uvimbe wowote. Ila mwenye tumbo hilo alikuwa anagaagaa kitandani, jasho limelowanisha kanga aliyojifunga kifuani, analia kwa sauti ambayo sisi watoto wa nyumba ile hatukuwahi kuisikia. Huyu ni mwanamke aliyezaa watoto watano na kuuza vitenge Kariakoo, jua na mvua. Si mtu wa kulialia.

Nesi akaandika kwenye faili: tumbo laini.

Maneno hayo mawili yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mamdogo yuko hai, namshukuru Mungu, lakini maneno hayajaniachia. Nimewauliza madaktari waliomtibu, nimesoma nilichoweza kukisoma, nimewasumbua ndugu wanifafanulie nani alisema nini na saa ngapi. Nilitaka kuelewa inawezekanaje utumbo wa mtu uwe unakufa ndani wakati nje, mkono wa daktari hauoni kitu.

## Kila tumbo ni vidonda vya tumbo

Maumivu yalimwanza kama saa 2 usiku, nyumbani Tandika, kwa ghafla. Akatapika. Akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Nyumba nzima ikawa na jibu: amekula kitu kibaya. Jirani akasema ni vidonda vya tumbo. Mwingine akasema gesi, apewe maji ya tangawizi.

Kwenye zahanati ya jirani walimpima malaria, hakuna. Wakampa sindano ya maumivu, vidonge vya kupunguza asidi, na maelezo kwamba huenda ni taifodi, arudi asubuhi kwa vipimo zaidi.

Siwalaumu. Ukikaa kwenye benchi la zahanati yoyote ya mji huu, watu wanaoshika matumbo ni wengi, na wengi wao kweli wana asidi, minyoo, au chakula cha jana. Ugonjwa wa Mamdogo, utumbo kukosa damu ghafla kwa sababu mshipa umeziba, ni nadra. Takwimu za Ulaya na Marekani zinaonyesha kati ya wagonjwa wa dharura 1,000 wanaolazwa, ni mmoja au wawili tu wanaokuwa nao. Lakini huyo mmoja akikosewa, nafasi yake ya kupona inapungua kila saa inayopita, na hata hospitali zenye kila kitu hupoteza nusu ya wagonjwa hawa, wakati mwingine zaidi.

Kinachoniumiza ni kwamba dalili tatu zilikuwepo tangu saa 2 usiku, mbele ya macho ya kila mtu: maumivu makali mno kuliko kinachoonekana tumboni, tumbo linalojimwaga juu na chini, na moyo wenye historia. Dalili mbili za kwanza tulizitazama. Ya tatu hakuna aliyeitaja, kwa sababu aliyekuwa anaumwa ni tumbo.

## Damu ilipokatikia

Mamdogo ana valvu ya moyo iliyobana. Ni masalia ya homa ya rumatiki ya utotoni: mafindofindo yaliyosababishwa na bakteria, hayakutibiwa ipasavyo, na kinga ya mwili ikageuka kuushambulia moyo. Valvu ikibana, chumba cha juu cha kushoto cha moyo hupanuka, na baada ya miaka huacha kupiga kwa mpangilio. Kinatetemeka tu. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, na damu inayotuama huganda.

Bonge la damu likichomoka humo linaingia kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na kutoka hapo ni bahati tu. Likipanda kichwani ni kiharusi, jambo ambalo watu wengi wanalijua siku hizi. Likishuka, linakutana na ateri ya juu ya utumbo. Ateri hii hutoka kwenye aota kwa pembe finyu, karibu sambamba nayo, kwa hiyo bonge linaloshuka linateleza ndani yake kama bodaboda inavyochepuka kutoka barabara kuu bila hata kupunguza mwendo. Ateri hiyo ndiyo inayolisha karibu utumbo mwembamba wote, ambao kwa mtu mzima ni kama mita 6, pamoja na nusu ya kwanza na zaidi kidogo ya utumbo mpana.

Sasa kuhusu ule ulaini wa tumbo.

Utumbo ukinyimwa damu huanza kufa kuanzia ndani kwenda nje. Utando wa ndani, ule unaofyonza chakula, ndio wenye uhitaji mkubwa wa oksijeni, na ndio unaotangulia. Neva za utumbo zinapiga kelele mara moja, mgonjwa analia. Lakini tumbo hukaza pale tu utando wa nje unapowashwa, na utando huo hauwashwi mpaka ukuta mzima wa utumbo uwe umeoza au umetoboka. Inaweza kuchukua saa 6, au zaidi kidogo. Kwa hiyo tumbo laini kwa mtu anayelia namna ile halikuwa habari njema. Lilikuwa linatuambia kuwa muda wa kuokoa bado upo.

Nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu.

## Saa ya nafuu

Karibu saa 9 usiku, tukiwa tayari hospitalini, Mamdogo akatulia.

Akaacha kulia. Akaomba maji. Baba mdogo, ambaye alikuwa amesimama ukutani tangu tufike, akachuchumaa akafunika uso kwa viganja viwili na kusema alhamdulillah. Binti yake mkubwa akatuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba mama anaendelea vizuri. Kukawa na mazungumzo ya kumrudisha nyumbani apumzike, maana kulala hospitali ni gharama na kesho kuna duka.

Hapa ndipo moyo wangu unapokwama kila nikirudia usiku ule. Daktari wa upasuaji aliniambia baadaye kwamba kuna kipindi katika ugonjwa huu ambapo maumivu hupungua, na familia nyingi hupumua. Inaweza kuwa dawa ya maumivu imefanya kazi. Inaweza pia kuwa neva za sehemu iliyokosa damu zimeanza kufa, na kilichokufa hakiumi tena. Kwa Mamdogo hakuweza kuniambia ilikuwa ipi kati ya hizo. “Ningekuwa na hakika ningekwambia,” alisema. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Kilichotuokoa ni daktari kijana yule yule wa zamu. Alirudi kumtazama kabla ya kumruhusu, akamshika kifundo cha mkono, akatulia, akaangalia saa ya ukutani. Akabadilisha mkono. Mapigo yalikuwa hayafuatani: mawili ya haraka, kimya, moja zito, kimya kirefu, matatu.

“Moyo wake una shida gani?”

“Ni valvu,” akajibu Baba mdogo. “Kliniki ya moyo anahudhuria.”

“Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda?”

“Alikuwa anatumia. Wakamwachisha alipong'oa jino.”

“Lini?”

Baba mdogo akamtazama mke wake. Ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Yule kijana hakusema kitu. Akatoka mbio na simu sikioni.

## Picha na figo

Daktari wa upasuaji alipofika, jambo la kwanza alilotaka ni CT ya mishipa: mgonjwa anachomwa dawa inayoifanya damu ionekane, kisha mashine inapiga picha wakati dawa ikiwa bado kwenye ateri. Mtu wa picha akauliza kipimo cha figo kiko wapi, maana dawa hiyo inaweza kuumiza figo, na majibu ya maabara yalikuwa bado. Walibishana mlangoni, kwa adabu, lakini sote tulisikia.

“Figo tunaweza kuzisubiri,” alisema daktari wa upasuaji. “Utumbo hausubiri.”

Nilikuja kusoma kwamba ndivyo mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa dharura, toleo la 2022, unavyoelekeza: ukishuku, CT ya mishipa ifanyike haraka iwezekanavyo, na hofu ya figo isiicheleweshe. Nilijifunza pia kwamba laktati ya damu, asidi inayoongezeka mwili unapokosa oksijeni na kipimo ambacho wengi hukitegemea, inaweza kuwa ya kawaida mwanzoni. Ikipanda inatia hofu. Isipopanda haimtoi mgonjwa hatarini.

Kuna jambo jingine ambalo nataka lisikike. Miaka ya karibuni mashine za CT zimefungwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na Dar es Salaam siku hizi si lazima kila mgonjwa apelekwe Muhimbili kwa picha. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mashine hujibu ilichoulizwa. Fomu ikiandikwa “maumivu ya tumbo” na picha ikapigwa bila dawa, bonge kwenye ateri linaweza lisionekane kabisa. Fomu ya Mamdogo iliandikwa kwa herufi kubwa kinachoshukiwa, na picha ikapangwa kwa ajili ya hicho.

Bonge lilikuwa pale, sentimita chache kutoka mwanzo wa ateri. Juu yake damu inang'aa nyeupe kwenye skrini. Chini yake, giza.

## Kurudishwa tena

Heparini ya dripu ilianza kabla hata fomu za upasuaji hazijasainiwa, ili bonge lisiendelee kukua. Pamoja nayo maji mengi ya mshipani, oksijeni, mpira wa puani kuondoa yaliyomo tumboni, na antibayotiki, kwa sababu ukuta wa utumbo ukidhoofika bakteria hupenya kuingia kwenye damu. Sisi huku nje tukaanza kazi yetu: nani ana damu ya kundi gani, nani anaweza kuja kuchangia, nani amtumie nani pesa kwenye simu. Kabla jua halijapanda watu walikuwa wamefika kutoka Mbagala na Gongo la Mboto.

Bonge lilitolewa kwa mrija mwembamba wenye puto nchani. Unapitishwa hadi ng'ambo ya bonge, puto linajazwa, kisha unavutwa polepole na bonge linatoka nalo. Mrija huo aliubuni Thomas Fogarty wa Marekani na kuutangaza mwaka 1963. Nilitamani kulijua jina hilo kwa sababu katika maandishi ya zamani ya tiba hali ilikuwa ya kukatisha tamaa: mwaka 1926 daktari A. J. Cokkinis aliandika kwamba ugonjwa huu ulikuwa unahesabiwa miongoni mwa yale ambayo kuyatambua hakuwezekani, matumaini hakuna, na tiba karibu haifai kitu. Robo karne baadaye, 1951, Klass akachapisha taarifa ya upasuaji wa kuliondoa bonge lenyewe badala ya kukata tu utumbo uliooza.

Damu iliporudi, alituambia daktari, walifunika utumbo kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu na kusubiri. Sehemu ya mwanzo ilikuwa ya waridi tangu awali, kwa sababu bonge lilikwama chini ya matawi yanayoilisha. Sehemu nyingine kubwa ilianza kurudisha rangi mbele ya macho yao. Kipande cha mwisho, karibu na utumbo mpana, kilibaki cheusi, hakichezi hata ukikigusa. Hicho walikikata.

Katikati ya vile viwili kulikuwa na sehemu ya zambarau ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo.

Kwa hiyo waliiacha. Walifunga tumbo kwa muda tu na kumpeleka ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na kesho yake wakatuletea fomu nyingine ya kusaini: anarudi chumba cha upasuaji.

Ule ndio wakati familia ilipotikisika. Wajomba wakasema wamekosea, sasa wanarekebisha makosa yao. Mtu akapendekeza tumhamishe. Nami nilitilia shaka, tena sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuandaa kwa jambo hilo. Kumbe ni mpango wa kawaida kabisa kwa ugonjwa huu: ndani ya saa 24 hadi 48 daktari anarudi kutazama tena, kwa sababu sehemu yenye mashaka itakuwa imeshajiamulia. Ukikata yote siku ya kwanza unaweza kumwacha mtu na utumbo usiotosha kumlisha maisha yake yote. Ukiacha yote na usirudi, kilichooza kinamuua. Sentensi hizo mbili tungeambiwa usiku wa kwanza, pasingekuwa na kikao cha ndugu kwenye korido ya ICU. Madaktari wanaosoma hapa, waambieni ndugu mapema kwamba mtarudi.

Sehemu ya zambarau ilikuwa imerudi hai isipokuwa kipande kifupi. Waliunga, wakafunga. Alibaki na zaidi ya mita 2 za utumbo mwembamba, na kiwango hicho kina maana kubwa, kwani chini ya hapo wengi hupata shida ya kudumu ya kufyonza chakula. Kwa kuwa kilichokatwa ni sehemu ya mwisho, ndiyo inayofyonza vitamini B12, atachomwa sindano za vitamini hiyo maisha yake yote. Anakula kidogo kidogo mara nyingi. Kuhara kunamjia bado, na anajua kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS siku hiyo badala ya juisi.

## Jino

Ninarudi kwenye jino kwa sababu naamini ugonjwa ulianzia pale.

Aliyemwachisha warfarini alikuwa na nia njema. Aliogopa damu isikatike. Lakini kung'oa jino moja kwa kawaida hakulazimu kuacha dawa hiyo, iwapo kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kiko ndani ya kiwango, ambacho kwa wagonjwa kama Mamdogo ni kati ya 2 na 3. Daktari wa meno anaweza kubana kidonda, kushona, kuweka pamba yenye dawa. Na hata pale inapolazimu kuacha, lazima mtu aseme ni lini kuanza tena, aandike, na mwingine ahakikishe. Mamdogo aliambiwa aache. Hakuna aliyemwambia aanze. Alijisikia vizuri, pengine vizuri kuliko kawaida, kwa sababu hakuwa tena na foleni ya kupima damu wala hofu ya kila mchubuko.

Najua warfarini inachosha. Inagombana na dawa nyingine, inabadilika ukibadili ulaji wa mchicha na majani mengine ya kijani, inataka sindano ya kipimo mara kwa mara. Wapo wanaosema kuna dawa mpya zisizohitaji vipimo hivyo, na ni kweli, kwa wagonjwa wengine. Kwa wenye valvu iliyobanwa na rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS uliochapishwa 2022, uliohusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulikuta waliotumia warfarini walipata kiharusi na vifo vichache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo foleni ile ina sababu. Ningependa iwe fupi, ningependa ipatikane Mbagala na Kigamboni na si katikati ya mji tu, lakini ina sababu.

## Wanaoogopa sahani

Bonge la ghafla si njia pekee. Wapo ambao ateri za utumbo huziba polepole kwa mafuta na chokaa, mara nyingi wavutaji wa sigara, wazee, wenye kisukari na presha. Hawa huumwa baada ya kula: nusu saa hivi baada ya sahani, tumbo linabana kwa saa moja au mbili, kisha linaachia. Wanapunguza chakula ili wasiumie. Wanakonda. Mtaani wanaambiwa wana saratani, au wanatupiwa maneno mengine mabaya zaidi. Hawa hupimwa kwa CT ile ile ya mishipa au altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, na mshipa unaweza kufunguliwa kwa kuwekewa kijibomba cha waya, au kupitishiwa njia nyingine kwa upasuaji. Mzee wa mtaani kwenu anayeogopa kula na anayeyeyuka mwili anastahili kuulizwa maumivu yanakuja saa ngapi baada ya chakula.

## Mkifika mapokezi

Nimeombwa na ndugu kadhaa niandike cha kusema, kwa hiyo naandika.

Mtu akipatwa na maumivu makali ya tumbo ya ghafla na nyumbani mnajua ana tatizo la moyo, aliwahi kupata kiharusi, au mapigo yake hayana mpangilio, anzeni na moyo. Mwambieni daktari wa zamu kabla ya kueleza alichokula: “Ana ugonjwa wa moyo, anatumia warfarini,” au “aliacha warfarini tangu mwezi fulani.” Bebeni kadi ya kliniki ya moyo. Kama hamjui habari za moyo wake, ombeni ashikwe mapigo na apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Inachukua dakika chache na wengi wenye tatizo hili hawajawahi kuambiwa kuwa wanalo.

Tumbo likiwa laini na mgonjwa anazidi kulia, ulizeni waziwazi: inawezekana utumbo haupati damu? Daktari mzuri hatachukia kuulizwa hivyo. Maumivu yakipungua ghafla bila maelezo, msimrudishe nyumbani kwa sababu hiyo peke yake. Na kama mahali mlipo hakuna CT usiku huo, au hakuna daktari wa upasuaji, ombeni rufaa saa hiyo hiyo, na muulize kama heparini inaweza kuanza kabla gari la wagonjwa halijaondoka.